Binti wa Wales na Mizani ya Mataifa

Katika zawadi ambazo wakubwa huwapa watoto wao, iko moja yenye uzito kuliko nyingine, nayo ni uwakilishi. Mtoto huambiwa: nenda ukasimame mbele ya watu, na utakaposimama hutakuwa peke yako, nchi yako itakuwa imesimama nawe. Maneno haya hukijaza kifua cha mtoto furaha, na pengine hayana ubaya wowote ndani yake. Walakini zawadi hii ina tabia isiyokuwamo katika zawadi nyingine: aliyepewa hawezi kuifungua faraghani. Hufunguliwa hadharani, na kilichomo, kiwe kitamu au kichungu, huonwa na walimwengu wakati ule ule anapokiona yeye.

Tarehe 25 Novemba 2018, mjini Minsk, katika nchi ya Belarus, zawadi ya namna hiyo ilifunguliwa mbele ya msichana wa miaka 14 aitwaye Manw, kutoka kijiji cha Rhosgadfan, kaskazini-magharibi mwa Wales. Shindano lenyewe lilikuwa Junior Eurovision, shindano la nyimbo la watoto wa Ulaya na nchi nyingine chache, lililoanza Copenhagen mwaka 2003. Wales ilikuwa ikishiriki kwa jina lake kwa mara ya kwanza, maana katika Eurovision ya wakubwa haina jina. Imo ndani ya Uingereza. Manw aliteuliwa mwezi uliotangulia, mjini Llandudno, katika shindano la televisheni lililoitwa Chwilio am Seren, yaani Kutafuta Nyota, lililoendeshwa na S4C, kituo kinachotangaza kwa lugha ya Kiwelisi. Wimbo wake uliitwa "Perta", neno la kumsifu aliyepita wengine kwa uzuri, naye aliuimba kwa Kiwelisi. Nchi zilikuwa 20. Hesabu ilipokwisha, Roksana Węgiel wa Poland alikuwa na alama 215, akashinda. Wales ilikuwa na alama 29, ikashika mkia.

Hiyo ndiyo safari yake yote katika Junior Eurovision: wimbo mmoja wa dakika zisizozidi tatu. Jambo ni dogo, na mwenye shughuli nyingi aweza kulipita bila kugeuka. Lakini limebeba swali lisilokuwa dogo. Je, ni haki watu wazima kuitwika heshima ya taifa na ya lugha juu ya mabega ya mtoto, kisha kumwacha apimwe nayo katika mizani ya wageni?

Swali hili ni la kale. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, alikubali kuwa watoto wafundishwe muziki, tena wafundishwe kwa kuimba na kupiga wao wenyewe, kwa kuwa ni shida mtu asiyepata kutenda jambo kuwa mwamuzi mwema wa jambo hilo. Kisha akaweka mpaka: mafundisho yasifike katika ufundi wa mashindano. Kwa maoni yake, mwenye kushindana hafanyi muziki ili aikamilishe nafsi yake, bali ili awafurahishe wasikilizaji. Na wasikilizaji wakiwa duni huuvuta muziki chini, pamoja na mwenye kuufanya, hata pale walipo wao. Yamkini Aristotle alisema haya kwa kiburi cha mwungwana aliyezoea kudharau kazi ya ujira, na lawama hiyo inamstahili. Lakini kitu kimoja alikiona sawasawa. Katika mashindano, kinachosimama mbele ya mtoto si wimbo tena, ni uso wa mwenye kuusikiliza.

Hata hivyo hoja hii ikipelekwa Wales hupwaya. Huko mashindano ya sanaa si jambo la kuja. Yasimuliwa katika tarehe zao kwamba mwaka 1176 mtawala Rhys ap Gruffydd alifanya karamu katika ngome yake ya Cardigan, akaweka viti viwili vya heshima, kimoja kwa aliyewashinda washairi na kimoja kwa aliyewashinda wanamuziki. Mikutano ya namna hiyo huitwa eisteddfod, na ile ya taifa zima ilifanyika kwanza Aberdare mwaka 1861. Tangu 1947 mji wa Llangollen una eisteddfod yake ya muziki ambayo huwaita waimbaji wa mataifa. Mwaka 1955 ilikuja kwaya kutoka Modena, Italia, ikashinda, na miongoni mwa waimbaji wake alikuwamo kijana Luciano Pavarotti, akiwa bado hajajulikana. Watoto nao wana eisteddfod yao tangu 1929, chini ya chama cha vijana kiitwacho Urdd. Kumwambia mtu wa nchi hiyo kuwa mtoto asishindane kwa kuimba ni sawa na kumwambia mvuvi kuwa mwanawe asiguse maji.

Lakini ifaa itazamwe jinsi mashindano hayo yanavyoendeshwa, maana hapo ndipo penye tofauti. Mshairi anayewania kiti cha Eisteddfod ya taifa haweki jina lake katika shairi, huweka lakabu. Waamuzi husoma kazi bila kujua ni ya nani, tajiri au mchimba mawe, mwalimu wao au adui yao. Siku ya sherehe huitwa lakabu, na mwenyewe husimama mahali alipo katikati ya umati. Mwaka 1917, huko Birkenhead, iliitwa lakabu ya Fleur-de-lis, ikaitwa tena, na hakuna aliyesimama. Mshairi mwenyewe, Hedd Wyn, mchungaji wa kondoo, alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Watu wa Wales hawajakisahau kiti hicho, na si ajabu.

Liko na jambo la pili. Waamuzi wakiona kuwa hakuna kazi iliyofikia kipimo cha sanaa, huizuia tuzo, na kiti hukosa wa kukikalia mwaka huo. Hawasemi: huyu ni mbaya kidogo kuliko wenzake, basi na apewe. Husema: sanaa ilidai hiki, na hapa hakuna aliyekitimiza. Tena hueleza. Hukumu yao hupigwa chapa kitabuni, na ndani yake aliyeshindwa aweza kusoma ni wapi vina vyake vililegea na ni wapi wazo lake lilikatika kabla ya kufika. Ni kweli kuwa mwimbaji hawezi kujificha nyuma ya lakabu, kwani sauti haina pazia. Lakini roho ya desturi ni ile ile: mshindani hupimwa kwa kazi, na hupewa sababu.

Alama 29 hazina sababu ndani yake. Mtoto aweza kuzitazama kutwa asiambiwe neno.

Juu ya hayo uko mzigo wa lugha. Sensa ya 2011 iliwapata wasemaji wa Kiwelisi 562,000 hivi katika Wales, yaani watu 19 katika kila 100; ile ya 2021 iliwapata 538,000 hivi, nayo ilikuwa hesabu iliyopungua ingawa serikali ya Wales ilikuwa imekwisha kuweka shabaha ya wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Rhosgadfan ni kijiji cha watu waliochimba mawe ya kuezekea nyumba, nacho si kigeni katika fasihi; ndiko alikozaliwa Kate Roberts mwaka 1891, binti wa mchimba mawe, aliyeandika nathari ya Kiwelisi ambayo wengi huiona haina mfano katika karne yake. Kitabu chake Te yn y Grug, cha 1959, ni hadithi za utoto katika nchi ile ile ya milima na umaskini. Lugha yenye watu wachache na waandishi wakubwa kiasi hicho huwa na jicho kali: kila kinywa kinachofunguka mbele ya wageni huhesabiwa.

Na vinywa vya watoto vilihesabiwa zamani kwa namna nyingine. Katika shule kadhaa za Wales, katika karne ya 19, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha ubao. Aliweza kukivua kwa sharti moja tu, amsikie mwenziwe akitenda kosa lile lile, amvike yeye. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Owen Morgan Edwards, aliyezaliwa 1858, aliandika baadaye jinsi kibao hicho kilivyomning'inia alipokuwa mtoto shuleni Llanuwchllyn. Ukubwani alikuwa mkaguzi mkuu wa shule za Wales, na mwanawe Ifan ndiye aliyeanzisha Urdd mwaka 1922. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuelezwa sana. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na ukoloni, ameeleza jinsi kidude cha namna hiyo kilivyopita mkono kwa mkono katika shule za Kenya, na jinsi watoto walivyofundishwa kuchongeana kwa ajili ya lugha za mama zao. Kiswahili, kwa bahati tu, kina neno moja, kibao, kwa ubao mdogo, kwa kofi la shavuni na kwa wimbo unaopendwa na watu. Mtoto wa Llanuwchllyn alivikwa cha kwanza na pengine alipata cha pili. Binti wa Rhosgadfan alitumwa kukitafuta cha tatu.

Mwenye pupa atasema kuwa hali hizi mbili hazilingani, naye atakuwa amesema kweli. Yule aliadhibiwa, huyu alishangiliwa. Yule alilazimishwa, huyu aliomba mwenyewe nafasi, akashindana na wenzake, akaipata. Wala hakuna aliye na haki ya kumgeuza kuwa mtu wa kuonewa huruma kwa jambo alilolichagua na kulifanya kwa ujasiri. Lakini hiari ya mtoto ni ya kuimba. Uzito wa lugha na wa taifa huongezwa juu yake na wengine, hatua kwa hatua, kwa maneno matamu: anaipeleka lugha yetu duniani, anaandika tarehe. Fedheha na fahari hazifanani kwa rangi. Zikining'inizwa katika shingo ya mtoto na watu wazima, zafanana kwa kitu kimoja, kwamba zote mbili si mali yake.

Na nani aliyepima? Mwaka 1847 serikali ya London ilipiga chapa ripoti juu ya elimu ya Wales. Wakuu watatu waliotumwa kuichunguza hakuna hata mmoja aliyejua Kiwelisi. Walizuru shule za watoto waliojua lugha hiyo tu, wakawakuta hawajibu sawasawa yanayoulizwa kwa Kiingereza, wakaandika kuwa wamo katika ujinga, na kwamba lugha yao ni kikwazo cha maarifa na hata cha tabia njema. Wawelisi waliita jambo hilo Usaliti wa Vitabu vya Buluu, kwa rangi ya majalada yake. Minsk haikuwa hivyo. Waamuzi wa nchi 20, pamoja na watazamaji waliopiga kura kwa intaneti, hawakudai kujua Kiwelisi wala hawakutoa hukumu juu yake. Walisikia sauti, ala na mwendo wa wimbo, wakapenda nyingine zaidi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kupenda anachokipenda.

Kosa, likiwapo, limo katika kulichukua pendo hilo na kuliita hukumu. Plato aliliona hili katika Sheria, aliposema kuwa mwamuzi wa kweli huketi kama mwalimu wa wasikilizaji, si kama mwanafunzi wao. Akailaumu desturi ya Sicilia na Italia ya kumpata mshindi kwa mikono iliyoinuliwa, kwamba ilikuwa imewaharibu washairi, wakaanza kutunga kwa kuutazama umati. Plato hakuwa rafiki wa umati, na si lazima kumfuata hata mwisho. Kura za watu ni njia nzuri ya kujua watu wanapenda nini. Si njia ya kujua mtoto ameimba vipi, sembuse ya kujua lugha yake ina thamani gani.

Mfano wa kinyume upo. Tarehe 21 Machi 1970, mjini Amsterdam, kijana mwingine wa Wales alisimama katika Eurovision ya wakubwa. Mary Hopkin wa Pontardawe alikuwa na miaka 19. Alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo kwa Kiwelisi kabla ya kupata umaarufu, lakini huko aliiwakilisha Uingereza kwa wimbo wa Kiingereza. Alikuwa wa pili kwa alama 26, nyuma ya Dana wa Ireland aliyepata 32. Kwa hesabu ya safu, yeye alipanda karibu na kilele, na yule wa Minsk alikaa chini ya wote. Lakini usiku ule wa Amsterdam Kiwelisi hakikusikika kabisa, na usiku wa Minsk kilisikika katika nchi zote zilizokuwa zikitazama. Mwenye kutaka kusema ni nani kati yao aliyeifaa zaidi Wales atashindwa kuipata mizani, na ni vema ashindwe. Mmoja aliwapendeza wageni kwa lugha yao, mwingine aliwafikia kwa lugha yake wasipendezwe sana. Haya ni mambo mawili, na namba ya safu haina mahali pa kuyaweka yote mawili.

Waandaaji wa Junior Eurovision waliwahi kuiona hatari ya namba. Kwa miaka kadhaa, tangu 2005 hata 2015, kila mtoto alianza hesabu akiwa na alama 12 alizopewa bure, ili asiwepo wa kutoka na sufuri. Nia ilikuwa njema. Lakini huruma ya namna hii ina dharau ndogo ndani yake, kwa kuwa watoto wanajua kutoa. Mwenye alama 15 hushika karatasi, huondoa 12, na hupata habari ile ile aliyokuwa akifichwa, pamoja na habari ya pili, kwamba wakubwa walidhani hataweza kuistahimili. Desturi ilipoondolewa hakuna kilichopotea. Kitu ambacho mtoto aliyeshindwa anastahili kupewa si namba iliyotiwa asali. Anastahili maneno: hapa sauti yako ilitulia, hapa ulikimbilia, hapa wimbo ulikuwa mzuri na wasikilizaji hawakuuelewa, na hilo si lako. Waamuzi wa eisteddfod, hata wa zile ndogo za vijijini, wamefanya hivyo vizazi na vizazi kwa watoto wadogo kuliko huyu. Televisheni haina dakika za kufanya hivyo.

Basi maneno hayo ni deni la waliomtuma. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Novemba 2019, Wales ilimtuma Erin Mai huko Gliwice, Poland, naye akaimba kwa Kiwelisi akapata alama 35, wa 18 kati ya 19. Tangu 2020 Wales haikurudi. Mwaka 2022 na 2023 ilisimama Uingereza badala yake, chini ya BBC, na nyimbo zake hazikuwa za Kiwelisi. Lawama haina nafasi kubwa hapa; kupeleka mtoto ni gharama, na 2020 ulikuwa mwaka wa maradhi duniani kote. Lakini watu wanaosema kwamba lugha yao yapelekwa ulimwenguni, kisha wakanyamaza baada ya majaribio mawili yasiyopata safu nzuri, huacha nyuma yao dhana mbaya, kwamba kilichotafutwa ni safu, na kwamba waliokosa kuileta ni wasichana wawili.

Dhana hiyo hujificha katika sarufi. Timu ikishinda, watu husema tumeshinda. Ikishindwa, husema wameshindwa. Nafsi ya kwanza huja kula karamu, nafsi ya tatu huachwa ikafagie. Kipimo cha haki ya kumtwika mtoto uwakilishi ki hapo, wala si katika umri wake au katika wingi wa mashabiki. Walio tayari kusema tulishika mkia, kwa sauti ile ile waliyoiandaa kwa kusema tumeshinda, hao wanayo ruhusa ya kumtuma mtoto, kwa kuwa mzigo umebaki kwao na yeye ameuchukua wimbo tu. Wasiokuwa tayari wamemkopesha jina la nchi kwa riba.

Kanuni za shindano, ajabu ya mambo, ziko upande wa mtoto. Kwa kanuni, mshiriki si mwimbaji, ni kituo cha utangazaji kilicho mwanachama wa umoja wa watangazaji wa Ulaya. Kituo ndicho kinachojiandikisha na kujitoa. Kwa hiyo kisheria wa 20 Minsk alikuwa S4C. Lakini matokeo hayaandikwi hivyo. Katika orodha ambazo watu huzihifadhi na kuzisoma, mstari wa Wales wa 2018 aghalabu una vitu vitano: jina la nchi, jina Manw, jina la wimbo, alama 29, nafasi ya 20.